Pete Nyeupe za Masinde

Masinde Makhanu wa Mautuma alikuwa mpima miti, na kazi hiyo aliipenda hata watu wakamcheka. Mwaka wa tisini watafiti walileta swali lao kwenye misonobari iliyopakana na kijiji: je, miti ikitiwa mbolea, itavuta hewa ya moshi na kuifungia ndani ya mbao na udongo zaidi kuliko ile isiyotiwa? Jibu lingechukua miaka kumi na miwili. Bi. Chelimo, mkubwa wa watafiti, alimwambia, "Mzee Masinde, miti hii ikikatwa kabla ya wakati, jibu limepotea." Masinde akaapa kwamba haitakatwa.

Miti mia moja ilipata mbolea, mia nyingine ikanyimwa. Ile ya mbolea aliipaka pete nyeupe usawa wa kifua, ili utepe wa kupimia upite palepale kila mwaka, na ili mwenye shoka aione aogope. Ikanenepa hiyo, acha tu!

Na mahindi yake mwenyewe? Yamepauka, jamani, aibu kutazama. Mkewe Awinja alimwomba kikombe kimoja tu cha mbolea.

"Kikombe kimoja, Baba Lynette. Miti haitalia."

"Haitalia, lakini daftari litasema uongo."

Akamnyima. Mwaka ule walikula obusuma, ugali wao, wa unga wa dukani. Awinja hakusahau, nami simlaumu.

Daftari la vipimo lilikaa kwa Erastus, msimamizi wa msitu. Huyu hakuwa mtu wa kando. Walitahiriwa siku moja, kwa kisu kimoja, wakauguza vidonda katika kibanda kimoja. Kwa watu wa huko, mwenzako wa tohara humkagui, wala humshtaki mbele ya wageni hata akikukosea. Masinde hakumkagua.

Mwaka wa tisini na saba alikwenda matangani kwa shemeji yake, siku nne. Aliporudi alisikia misumeno ya injini akiwa bado barabarani. Akakimbia na viatu vya matanga. Miti myembamba ilikuwa imesimama yote. Iliyolala ni ile ya pete.

"Nani kawaambia mkate hii?" akamfokea mpasua mbao.

"Tuliambiwa yenye pete nyeupe, mzee. Ndiyo minene. Hata daftari tulipewa."

Akalitoa kwenye koti. Mwandiko ulikuwa wa Masinde, kila mti na unene wake. Kumbe miaka saba alikuwa akiwaandalia wezi! Pembeni matawi yaliungua, na hewa yote iliyofungiwa humo ilikuwa ikirudi juu. Masinde akalia mbele ya watu, hakujificha.

Erastus akaja mchana huo, anatabasamu nusu.

"Bwana, wakubwa walitaka mbao. Wewe endelea kuandika tu, ongeza sentimita mbili mbili kila mwaka. Chelimo anasomanga makaratasi, msituni haingii. Na mbolea iliyobaki, mpelekee Mama Lynette."

"Umeniuza, Erastus. Umeniuza kwa mkono wangu mwenyewe."

"Sisi ni wa kisu kimoja, Masinde. Utanitaja?"

Masinde alichukua daftari, mbolea akaiacha hapohapo.

Nyumbani alimweleza Awinja yote, akingoja kusimangwa. Kikulacho ki nguoni mwako, angeweza kumwambia, na angekuwa na haki. Mama yule aliuliza tu, "Na mbolea hukuichukua?"

"Sikuichukua."

"Hata mimi leo ningeikataa," akasema, akamsogezea kiti mezani.

Masinde akaandika. Mti wa kwanza: umekatwa. Wa pili: umekatwa. Awinja akihesabu kwa sauti, mpaka wa mia. Chini kulikuwa na mstari mmoja mtupu. Masinde aliutazama sana, kisha akaandika jina la Erastus na la baba yake, kama yalivyoitwa siku ile ya kisu.

Asubuhi alipanda gari kumpelekea Chelimo daftari lake.