Kupe wa Ihanda na Kupe wa Kyerwa

Mama yangu, pale Ihanda, alikuwa na ugomvi na kupe. Kila asubuhi alimpapasa ng'ombe wake mtamba masikio na kiwele, akichomoa kupe mmoja mmoja na kuwatupa kwenye makaa. Wakipasuka, anacheka. Mimi ndiye afisa mifugo wa familia, nikamweleza kwamba ndama anayeumwa na kupe kidogo kidogo tangu utotoni huizoea ndigana, homa wanayoileta. Asiyewajua, akikutana nao ukubwani, hufa. Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Akauliza kama serikali imeniajiri nifuge kupe.

Nilikasirika. Mama ni mama.

Mdogo wangu aliyeolewa Kyerwa alipojifungua, mama akaamua mtamba yule, sasa ana mimba, aende huko mtoto apate maziwa. Nikaingiwa na hofu, maana chanjo ilikuwa haijafika kwetu. Nikachukua kupe wa Ihanda na wa Kyerwa, nikawatia kwenye vichupa vya spiriti, nikampelekea mtaalamu mjini. Wa Ihanda aliwatambua mara moja: kupe wa kahawia wa masikioni. Wa Kyerwa walimsumbua. Huenda ni walewale, alisema, huenda ni jamii nyingine inayofanana nao, ambayo kwenye ramani inaishia mbali na huku. Akaomba madume zaidi, maana ndiyo yanayotofautishwa kwa urahisi. Jamani! Juzi tu sisi na Kyerwa tulikuwa wilaya moja, ikagawanywa; leo hata kupe wametugawanyikia.

Mama hakungoja. Alisema mtoto hanywi vichupa.

Mtamba alifika mzima. Wiki chache baadaye tezi za shingoni zikavimba, akawaka homa. Nikaenda Kyerwa, nikamchoma sindano, nikambembeleza ale, nikaomba Mungu. Akafa na ndama wake tumboni. Mdogo wangu alilia kwa sauti. Mimi nililia nyuma ya banda, nikiwa na kichupa kingine cha kupe mkononi.

Kesho yake mama alikuja kwa bodaboda. Hakumlaumu mtu. Aliketi kando yangu, akauliza taratibu:

"Kupe wa hapa ni walewale wa kwetu?"

Nilijua anachouliza. Kama ni walewale, basi mikono yake ndiyo iliyomnyima ng'ombe kinga. Kama ni wengine, kinga ya Ihanda isingemsaidia, naye hana kosa. Na mtaalamu alikuwa bado hajajibu.

"Hatujui, mama."

Akajifunga upya khanga yake, asinitazame.

"Basi mkijua, msiniambie."