Ndoo ya Maji Msibani Mbaha

Shangazi aliyenilea alifariki Mbaha wakati wa korona, nami nilitoka Namswea nikiomba niwahi kumzika. Nilipofika, waombolezaji walikuwa wakinawa mikono kwenye ndoo ya maji, jinsi tunavyonawa tukitoka makaburini. Moyo ukaniuma: nimechelewa.

Nilijiuliza, mbona leo kuna sabuni, na mbona viatu vyao havina udongo? Sikumuuliza mtu. Nilinawa, nikaenda jikoni.

“Poleni kwa kuzika,” niliwaambia akina mama, nikaomba ugali. Walitazamana juu ya barakoa. Mmoja akanipakulia.

Tonge likiwa mdomoni, baba mdogo akatokea.

“Unakula, mwanangu? Tunanawa kwa sababu ya korona! Shangazi yako bado yumo ndani, tunakungoja wewe ubebe jeneza.”