Mapigo ya Mtu Mwingine

Mdogo wangu ana ugonjwa wa usafi. Sahani iliyotoka kuoshwa ataipangusa tena kabla hajapakua, na mumewe humtania kwamba siku moja atamfua na yeye. Kazi yake ni kuandika kiini cha mfumo wa mashine, ile programu ya ndani kabisa inayoamka kwanza na kuzigawia nyingine kumbukumbu. Mimi ni muuguzi. Mashine zake za kupima mapigo ya moyo zililetwa wodini kwetu kwa majaribio, nami nilizisifia mpaka wenzangu wakachoka.

Jumanne saa nne asubuhi mashine ya kitanda cha nne iliganda. Nikabonyeza kitufe cha kuiwasha upya, kama tunavyofanya siku zote. Ikaamka na kuonyesha sabini na nne, mstari umetulia. Nikamgeukia mgonjwa wa kitanda cha tatu. Nilipotazama tena, midomo ya mzee wa kitanda cha nne, aliyelazwa hapo muda mfupi kabla, ilikuwa ya bluu. Kwenye kioo, sabini na nne! Waya wa kidoleni ulikuwa umechomoka, unaning'inia kando ya godoro. Nilipiga ukelele ambao sijui ulitokea wapi. Tukamkandamiza kifua, tukampa oksijeni, akarudi. Nikakaa sakafuni.

Nilimpigia simu mdogo wangu, akaja mbio, akaichokonoa mashine kwa kompyuta yake, kisha rangi ikamtoka usoni.

"Dada, haya mapigo si yake."

"Ya nani sasa?"

"Ya yule mama aliyekuwa kitandani hapa, mliyemruhusu asubuhi."

Akanieleza kwamba kiini kikiamka hutenga sehemu ya kumbukumbu kwa ajili ya vipimo. Sehemu hiyo haikusafishwa na yeyote; yeye alidhani ikitengwa imeshasafishwa. Ofisini hakuwahi kuliona kosa kwa sababu ya usafi wake huohuo: kabla ya kila jaribio alichomoa waya wa umeme na betri, mashine ianze tupu kabisa. Sisi tulibonyeza kitufe tu. Vipimo vya zamani vikabaki palepale, vikasomwa kama vya sasa.

"Miaka kumi na moja nafanya kazi hii, dada. Kumi na moja!"

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia.

Bosi wake akapiga simu, na sauti yake niliisikia hata mimi. "Waambie umeme ulicheza. Tutarekebisha kimyakimya." Mdogo wangu alimkatia simu bila kuaga. Akapita wodini akizima mashine zote sita, kisha akasimama mbele ya mzee.

"Baba, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika programu ya mashine hii."

Mzee alimkazia macho. "Yaani mimi naondoka, na hiyo inasema nipo?"

"Ndiyo, baba."

"Na sasa umeizima. Nikiondoka tena, nani atajua?"

Mdogo wangu akavuta kiti, akanigeukia. "Nifundishe."

Nikamwonyesha pa kuweka vidole viwili, chini ya kidole gumba cha mzee. Akahesabu, akaandika, akahesabu tena. Zamu yangu ilipoisha nilimwambia twende nyumbani. Hakunitazama. Midomo yake ilikuwa bado inahesabu.