Kamioneti Iliyosusa Tambarare

Mwezi uliopita nilirudi Mururu, kijijini kwetu Rwanda, na gari la kukodi. Asubuhi, uani kwa kaka yangu, nilizungusha ufunguo nikasikia "tak", kisha kimya. Mara ya pili injini iliwaka vizuri, lakini mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango ili nitoke kuita watu wa kusukuma. Nilicheka peke yangu. Miaka yote hii mjini, na mwili wangu bado unaikumbuka kamioneti, ile pikapu ya baba yangu, Papa.

Tulivuka nayo mpaka kutoka Bukavu tulipohamia Rwanda, nchi ambayo Papa aliiacha akiwa mtoto wa mgongoni, na mimi nilikuwa nikiiona tu ng'ambo ya mto. Huku vita vilikuwa vimekwisha. Kongo ndio kwanza vilikuwa vinaanza kunukia. Papa hakutaka mtu aseme tumerudi kama ombaomba. Kabla ya kuvuka aliipaka kamioneti rangi ya kijani kwa brashi, yeye mwenyewe, kuanzia milango hadi rimu, hadi kila nati aliyoweza kuifikia chini ya boneti. Harufu ya rangi hiyo iliingia hata kwenye sambaza, vidagaa vya ziwani, tulizokula njiani, nami niliipenda.

Basi, hatukukaa sana kabla haijaanza visa vyake. Leo inawaka kwa kuguswa tu, kesho inasema "tak" na kunyamaza. Papa alisafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto, wapi. Aliazima betri nyingine, wapi. Alifungua demareri, ile mota ya kuamsha injini, akatandaza vipande vyake juu ya mkeka ambao bibi alianikia maharage, na bibi hakusema naye siku nzima. Ikawaka siku kadhaa, tukashangilia, kisha ikagoma sokoni mbele ya watu wote.

Ikigoma, ilisukumwa. Kilima chetu kilikuwa na watu waliobaki hapo wakati wa vita, watu waliotoka Kongo kama sisi, na watu waliorudi kutoka kambi za wakimbizi, na kila mmoja alijua mwenzake ni wa kundi gani. Salamu zilikuwa fupi. Lakini Papa akiita, walitoka wote, wengine na kiazi kitamu bado mdomoni, wakaegemeza mabega kwenye bodi moja, wakalaumiana nani anasukuma kwa mdomo tu. Injini ikishika, kila mtu alicheka kidogo, akarudi kwake na kufunga mlango.

Jirani yetu wa chini alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni njiani, kwa sababu hapakupatikana wanaume wa kubeba ingobyi, ile machela ya kilima ambayo zamani kila nyumba ilitoa mtu wa kuibeba kwa zamu. Wengine walikuwa wamekufa, wengine wamekimbia, na waliobaki hawakuitana tena. Sasa alikuja kwetu akasimama akiitazama kamioneti, si Papa.

"Papa, siku yangu ikifika, hii motokari itawaka?"

"Itawaka, maman," Papa alimjibu. "Nitatafuta mupaka nipate."

Tangu hapo hakupumzika. Kila jioni alivua shati la kazi akainamia boneti mpaka ugali ukapoa, na ole wako umwambie aache. Bibi ndiye aliyesema, huku akichambua maharage yake, kwamba gari lile halijawahi kugoma kanisani. Sisi watoto tulicheka, tukasema limeokoka. Papa hakucheka. Kanisani alikuwa akiliegesha kwenye mteremko, pua chini. Nyumbani na sokoni ni tambarare. Alikwenda akatafuta waya mnene, akaunganisha betri na chuma cha injini moja kwa moja. Ikawaka. Akaondoa waya, ikagoma. Akaurudisha, ikawaka.

Sasa alijua pa kutafuta. Kuna waya unaounganisha injini na fremu. Mafundi wa kwetu huuita masi, na bila huo umeme hauna njia ya kurudi kwenye betri. Papa alifungua nati yake, na chini yake palikuwa kijani tupu. Kule Bukavu aliufungua waya, akapaka rangi mahali pake, akaufunga tena juu ya rangi. Gari likiinama, injini iliuvuta kidogo ukagusa chuma. Likikaa sawa, mara nyingi uliachana nacho. Papa aliikwangua rangi yake kwa kisu na msasa mpaka chuma kikang'aa.

Uchungu ulimshika jirani mchana mmoja wa mvua. Papa alizungusha ufunguo mara moja tu. Nilipogeuka, kilima kizima kilikuwa kimekwisha kutoka nje mvuani, tayari kusukuma, na watu wakabaki wamesimama wakiitazama kamioneti ikishuka. Msichana alizaliwa salama hospitalini. Nililia kwa furaha, na sikuwa mtoto wa kulia ovyo.

Baada ya hapo asubuhi zetu zikawa kimya. Gari liliwaka, Papa akaondoka, milango ikabaki imefungwa. Kisha Jumapili moja tukapanda kwenda kanisani, na Papa, bila kugusa ufunguo, akatoa kichwa dirishani akaita kwamba imekataa tena. Wakaja wote. Wakasukuma na kulaumiana kama kawaida, na jirani yetu, mtoto mgongoni, naye akaweka mkono. Tulipofika mbali, bibi alimwuliza mwanawe kama kweli imeharibika.

"Motokari ilishapona, maman," Papa alisema. "Batu ndio bado."

Iligoma Jumapili nyingi baada ya hiyo. Nadhani wengine walijua, maana walikuja wakiwa wamekwisha kukunja suruali.

Kamioneti iliishia kwenye vyuma chakavu, Papa tulimzika, na ua ule, sasa wa kaka yangu, una saruji. Asubuhi ile ya mwezi uliopita watu walipita barabarani wakiongea, wakaniona nimekaa garini, mkono mlangoni. Hakuna aliyesimama, kwa sababu injini ilikuwa inaunguruma. Nilitamani sana iwe imekataa.