Watu wa Kubima Mto

Tangazo lilitolewa kanisani Jumapili, baada ya sadaka. Naibu wa chifu alisimama akasema, "Mwezi ujao watu ya kubima mto watafika hapa Kimulot. Kila mtu akae kwa shamba yake." Mimi sikuwepo. Naishi Litein, nina duka la pembejeo na dawa za mifugo. Mama ndiye aliyenipigia simu jioni hiyo, sauti imejaa furaha, akaniambia serikali inaleta bima ya mto.

Hapa lazima nieleze. Sisi Wakipsigis tunapoongea Kiswahili, p na b hulala kitanda kimoja. Naibu wa chifu alimaanisha kupima. Maafisa walikuwa waje na kamba na rangi nyekundu, wapime ukingo wa kijito, na ndani ya mpaka huo mtu asilime wala asikate mti. Mama alisikia bima, kama ile ya ng'ombe, ambayo mnyama akifa unafidiwa. Nami nikaisikia hivyo hivyo, kwa kuwa niliisikia kwake.

Mama akafikiri kama mkulima. Mtu hawekewi bima ya kichaka, huwekewa bima ya mali. Akaniagiza miche ya chai, nikaituma kwa bodaboda, naye akafyeka ukingo wote na kupanda chai mpaka majini, kiasi kwamba mtu akichuma mstari wa mwisho angelowa viatu. Wengi kanisani walifanya vivyo hivyo. Aliyekaa tu ni jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mzee mmoja mvivu wa kutupwa, ambaye ukingo wake ni msitu mdogo wa miti ya kienyeji aliyoachiwa na babake. Ndani ya msitu huo ndimo inamotoka chemchemi. Kijito chetu huanzia hapo kwake, na wakati wa kiangazi hatuna maji mengine, sisi na ng'ombe wetu.

Maafisa walipofika, ilikuwa aibu tupu. Chai yote ya mama ilikuwa ndani ya rangi nyekundu. Walimgombeza mbele ya watu, wakamwamuru aing'oe, la sivyo atapelekwa kortini. Jirani alipongezwa na kupewa mkono. Mama alinipigia tena simu, akalia, nami nikakasirika bila kujua nimkasirikie nani. Sheria ilikuwa nzuri. Hata mimi ningeiandika hivyo.

Kabla hajamaliza kung'oa, ukaja mradi, vijana waungwana wenye mabuti mapya. Wao walisema amri peke yake haimfundishi mtu kupenda mto. Yeyote atakayeng'oa chai ukingoni na kupanda miti ya kienyeji atapewa tangi la maji ya mvua. Mama akapanda, akapewa tangi kubwa jeusi, likawekwa kando ya jikoni, juu kidogo ya kilima. Nikafurahi, halafu nikaona haya kufurahi. Jirani alivuka kijito akawauliza, "Na mimi?"

"Mzee, wewe hujaharibu kitu," kijana mmoja alimwambia kwa heshima. "Hakuna cha kurekebisha."

Wiki iliyofuata mzee huyo alinijia dukani Litein. Alikuwa amekodi msumeno wa moto. Alitaka miche ya chai.

"Nitakata ile miti, nipande chai, halafu niing'oe nipande miti," alisema, akinieleza polepole kama mtu anayemfundisha mgeni njia. "Ndio nipate tangi."

"Lakini mzee, ni makosa kukata."

"Hata mama yako alifanya makosa. Angalia tangi yake."

Nilimwambia miche imeisha, na haikuwa imeisha. Nikafunga duka nikaenda nyumbani, kichwa kikiwa na fujo. Kama angekata, chemchemi ingekauka, na mvua ikikatika tangi la mama lingebaki pipa la kuhifadhi joto la Januari. Nikamwambia mama tumshtaki kwa naibu wa chifu. Alikataa. Mzee huyo ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza la baba, alisema, na mtu hamshtaki mtu kama huyo kwa sababu ya miti yake mwenyewe. Basi tumbembeleze, nikasema. Akaniuliza tumbembeleze na nini.

Kesho yake aliniagiza paipu ndefu. Tukaiunganisha kwenye tangi, tukaitandaza kilimani, tukaivusha kijito juu ya gogo la daraja, mpaka kwenye uwanja wa jirani, ambao uko chini ya kwetu. Mzee alitoka nje na kikombe cha chai mkononi, akatutazama bila kusaidia, kama kawaida yake. Msumeno ulikuwa umeegemezwa ukutani. Mama akamwekea koki.

"Mzee, maji ndio hii, ya tangi yetu sisi wote. Lakini mti moja ikianguka huko kwa chemchemi, mimi nafunga huko juu."

Mzee alifungua koki, akaosha kikombe, akaifunga. Akasema msumeno ataurudisha Jumatatu.

Tulipokuwa tukipanda kurudi nilimwambia mama kwamba sielewi. Je, alichompa mzee ni zawadi au ni amri? Maana hata mimi, ambaye nimesikia maafisa na nimesikia mradi, sikuweza kusema ni nani kati yao angekubali kwamba mama ni mwenzake.

"Hiyo sasa ndio bima," mama alisema, akihema.

Nilisimama. "Umesema bima, ama kupima?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na maana.

"Kwani si ni kitu moja?"