Mto Uliolazwa Siku ya Alhamisi

Nilipokuwa mtoto, mto Kamalenge ulilazwa kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, ukaamshwa Ijumaa watu wakitoka kwenye sala ya adhuhuri. Kuulaza maana yake ilikuwa hii: wanawake wa mtaa wetu, hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, walifagia kingo, wakatoa majani yaliyooza majini, kisha bibi yangu akafunga kuti la mchikichi lenye fundo moja katikati, likakatiza njia ya kushukia. Kuanzia hapo hakuna aliyechota, aliyefua wala aliyeoga. Mto ulikuwa wa Mwenye Mto, ambaye sikuwahi kumsikia akiitwa kwa jina jingine, na ambaye usiku huo alikuja kuoga. Anayevuka fundo, alisema Bibi, mto utamshika tumboni.

Ninaandika “alisema Bibi” kwa makusudi. Nimesomea mazingira chuo kikuu, na nimezoea kutenga nilichoona na nilichoambiwa. Nilichoona ni kwamba Ijumaa mchana maji yalikuwa maangavu, na visamaki vyembamba kama sindano vilisimama juu ya mchanga vikitazama upande mto unakotokea. Mengine yote niliambiwa.

Katika mwaka wa vita ninaoukumbuka, treni haikuwa imefika kwa muda mrefu hata nyasi zilifunika reli. Boti zilifungwa bandarini. Ukingo wa Lualaba, ule mto mkubwa, ulikuwa wa askari, na aliyeshuka kuchota huko bila ruhusa alipigwa risasi. Kwa hiyo Kamalenge, kijito ambacho mtu mzima alikivuka bila kulowesha magoti, ndicho kilichotunywesha sote. Kambi ya askari ilikuwa kwenye shule ya msingi, juu yetu kwenye mkondo, na vyoo vyao walikuwa wamevichimba ukingoni.

Alhamisi moja, kuti limekwisha kufungwa, askari wawili walishuka na masufuria meusi kwa masizi. Bibi alikuwa bado anafagia. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika kanga yake.

“Babangu, mutoni kumelala,” alimwambia aliyetangulia. “Mungoje kesho.”

“Nani ameulalisha?”

“Siye.”

“Basi muuamushe.”

Mwenzake alicheka. Bibi akasema, “Mwenye Mto ataona mubaya.”

“Bibi, hapa chef, mukubwa wa kuamuru, ni mumoja tu. Ako kule juu kwa shule, anakula kuku yenu. Huyu wako akuje kwanza amupe salamu.”

Akalikata kuti kwa kisu, wakaingia, wakasugua masufuria yao kwa mchanga tulioufagia. Walipoondoka wanawake walikuwa wamekusanyika. Bibi aliwaambia kwamba mtu asinywe maji yale mpaka mvua kubwa ipite.

“Mama, ni kiangazi,” jirani mmoja alisema. “Tutakunywa nini? Mate?”

Tulikunywa maji yale, na Bibi pia alikunywa.

Shangazi Zaina, binti yake wa mwisho, ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Alikuwa mtu wa kuigiza sauti za watu. Jioni ileile alituigizia yule askari mpaka Bibi akageuza uso asionekane anacheka. Siku chache baadaye aliamka alfajiri akitoka nje, akarudi, akatoka tena, na kulipokucha macho yake yalikuwa yameingia ndani. Bibi alijua mara moja. Alitafuta jogoo mweupe wa kumtolea Mwenye Mto, jambo gumu katika mtaa ambao askari walikuwa wamekwisha kula kuku wake. Akatafuta unga. Akamtembeza Shangazi mpaka mtoni, wanawake wawili wakimshika kwapani, akaomba msamaha kwa niaba ya watu wasioomba. Asubuhi yote ilipita hapo. Walipomfikisha hospitali jua lilikuwa utosini, na muuguzi aliyekuwa na seromu, maji ya kumtundikia mshipani, alisema maneno mawili tu, “Mumechelewa, mama.” Shangazi alifariki kabla ya magharibi.

Wengine walifuata, hasa watoto. Kama wale askari wawili waliugua, sikusikia.

Onyo la Bibi lilitimia, na hilo siwezi kulikana. Aliyevuka, kwa ninavyojua, hakushikwa, walioshikwa ni waliokuwa chini ya mkondo, lakini mtaani hakuna aliyejali tofauti hiyo. Watu waliogopa kuti kwa miaka, hata vita vilipokwisha. Bibi mwenyewe aliamini hadi kufa kwake kwamba kosa lilikuwa la jogoo: alikuwa na manyoya mekundu mawili mkiani, naye Bibi aliyaona, akatumaini Mwenye Mto hatayaona.

Aliyeweza kulifunga kuti baada yake hakupatikana. Nilipomaliza masomo na kurudi, Kamalenge ulikuwa dimbwi refu. Soko la juu lilitupia humo uchafu wake wote, na vijana wa kuosha pikipiki walikuwa wameutengenezea mtelemko ili magurudumu yaingie majini. Sisi wachache tukaanza salongo, kazi ya pamoja ya usafi, kila Jumamosi, bila malipo na bila kuombwa na mtu. Tulizoa vifuko vya pombe, nepi, matambara yenye oili. Tulipanda matete. Tulipanga mifuko ya mchanga mahali ambapo watoto wangeweza kuogelea, na Jumapili kadhaa kina mama walikuja na wali na sombe ya majani ya muhogo, wakakaa kivulini wakawatazama watoto wao wakirukaruka. Nazitaja Jumapili hizo kwa sababu zilikuwepo. Kisha mvua ilinyesha, ukateremka uchafu wa soko wa juma zima, na Jumamosi tukaanza upya. Mwishoni tulitosha kukaa mkeka mmoja.

Kibao tulichokisimamisha kukataza uoshaji kiliibwa kikawa kuni. Hapo ndipo Amisi, mwenzangu wa tangu mwanzo, mtu asiyekata tamaa hata pale inapofaa, aliposema:

“Dada Mwamini, kibao wanachoma. Kuti hawatachoma.”

“Wewe unamuamini Mwenye Mto?”

“Mimi hapana. Lakini wao njo wanamuogopa. Unataka mto ao unataka ukweli?”

Nilimwambia nataka vyote viwili. Alicheka kama mtu anayemcheka mtoto aliyeomba mwezi.

Kuti nililifunga mimi, kwa kuwa nilikuwa mjukuu. Alhamisi, saa kumi na moja jioni, wazee wa mtaa wakitazama. Sikusema neno kuhusu Mwenye Mto, na hakuna aliyehitaji niseme. Kesho yake hapakuwa na pikipiki hata moja majini. Ijumaa ya tatu niliona visamaki. Nilichutama nikavitazama mpaka miguu ikafa ganzi, na moyo ukinidunda kwa hofu badala ya furaha, kwa maana yote tuliyoyatenda kwa mikono yetu yalikuwa yameshindwa, na hili lililofaulu lilisimama juu ya kaburi la Shangazi.

Aliyelivunja katazo la kuti ni Ramazani, muosha pikipiki, baba wa mtoto aitwaye Furaha. Wateja walikuwa wamepanga foleni. Ijumaa asubuhi nilimkuta amelikanyaga kuti akisugua tairi.

“Papa Furaha, si mto umelala?”

“Dada, umelala toka jana. Mimi watoto yangu hawalale na njaa vile.” Akaniangalia, akaongeza kwa upole, “Ukiwa na chakula ya kuwapa kila Ijumaa, nitaulinda miye mwenyewe.”

Sikuwa nacho. Mtaa mzima ulisubiri kuona atashikwa na nini. Hakushikwa. Wiki zikapita, wengine wakamfuata, na visamaki vikatoweka. Ni katika wiki hizo niliposikia ndani yangu jambo ambalo bado linanitisha: nilikuwa nangoja mtu augue. Nilitamani augue kidogo tu, apone, na aonekane. Nilikuwa nikipita nyumbani kwa Ramazani na kusikiliza.

Nitasema sasa hivi kwamba Furaha alipona, ili msomaji asisome yaliyobaki akimhofia yeye.

Ijumaa moja, baada ya sala ya isha, Amisi alikuja nyumbani. Hakuketi.

“Furaha, mutoto ya Ramazani, anaharisha na kutapika toka mchana. Pale mtoni wameacha wote. Hakuna hata mumoja mwenye amebaki.” Kisha akasema polepole, “Hatukumutakia mubaya, Dada. Lakini sasa watauogopa mto miaka kumi.”

“Wamempeleka kituo cha afya?”

“Baba yake anatafuta jogoo.”

Nilimwambia Amisi aende awaambie wampe mtoto maji ya sukari na chumvi, mimi ningekwenda kukicha. Kwa nini kukicha? Nilijiambia ni giza, ni mvua. Ilikuwa pia kwamba nilitaka mto ulale usiku mmoja zaidi. Nilikaa nikiupima mto na yule mtoto, kana kwamba kuna mizani inayochukua vitu viwili kama hivyo, na kila nilipofika kwenye jibu niliogopa kwamba nililifikia kwa kuchelewa.

Nikifikiri leo, naona kwamba Bibi hakuwa mjinga nami sikuwa mwerevu. Kuti lake lililinda maji kuliko elimu yangu yote, na kuti hilohilo lilimwua binti yake, kwa sababu hofu inayowatoa watu majini ndiyo inayowapeleka kwa jogoo badala ya kwa muuguzi. Sijapata njia ya kuchukua nusu moja na kuacha nyingine. Nimetafuta. Wenzangu wa salongo wanasema nitaipata. Wanasema hivyo kwa sababu ni watu wema.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Ramazani. Ua ulikuwa umejaa majirani. Mkewe alikuwa amempakata mtoto, midomo mikavu, macho yameingia ndani kama nilivyowahi kuyaona macho mengine. Mzee mmoja alikuwa amekaa na bakuli la unga. Jogoo alikuwa amefungwa miguu. Amisi alinivuta pembeni.

“Chukua mutoto, umupeleke. Lakini usiseme kitu ya Mwenye Mto hapa mbele ya watu. Nakuomba.”

Nilimwambia Ramazani tumpeleke Furaha kituo cha afya sasa hivi. Hakusogea.

“Nikienda bila kuomba musamaha, Mwenye Mto atamumaliza njiani. Weye njo ulifunga kuti, Dada. Uniambie mbele ya hawa wote. Ni yeye amemushika?”

Wote walinitazama, na kati yao nilihesabu kwa macho vijana wa mtelemkoni. Nilieleza kwamba maji machafu ndiyo yaliyomfanya augue, wayachemshe. Nikaona hawanisikii, walikuwa wakingoja neno moja. Nikasema hapana. Nikasema hakuna Mwenye Mto, kuti nililifunga kama ninavyofunga kamba ya nguo, na asiyekuwepo hadai jogoo. Nilisema kwa sauti ya kufika barabarani.

Ramazani alitoa pikipiki. Nilipanda nyuma, Furaha katikati yetu, joto lake likinipenya kifuani. Tulipopita kwenye daraja vijana wawili waliokuwa wamekaa bila kazi, brashi mapajani, walisimama wakauliza kwa kelele kama ni kweli mto umemshika mtoto.

“Dada anasema si mto,” Ramazani aliwajibu bila kupunguza mwendo.

Niligeuka. Hatujamaliza kupanda kilima, nao walikuwa wamekwisha kuingiza pikipiki ya kwanza majini. Nikamshika mtoto vizuri zaidi, nikamwambia Ramazani aongeze mwendo.