Shaba Kichwani mwa Binti za Tata

Enzi zetu pale Kolwezi, kabla ya Uhuru, mtoto wa kike alijulikana kwa kichwa chake. Nywele zikiwa zimesukwa vizuri, watu walisema mama yake ni mchapakazi. Zikiwa zimesimama ovyo, walisema maskini, mama yake yuko wapi? Baba hakutajwa kabisa. Kazi ya baba ilikuwa kuamka king'ora kikilia, kwenda kazini, na kurudi jioni na njaa yake pamoja na hasira alizopewa na kapita, msimamizi wake wa kazi.

Sisi tulikuwa wasichana watatu: mimi Kapinga, mkubwa, kisha Ngalula, kisha Tshala, ambaye alikuwa hajaota meno yote lakini matusi ya kambi nzima ya wafanyakazi alikuwa anayajua. Tata yetu, yaani baba, alitoka Kasai akiwa kijana, akawa fundi wa mota katika karakana ya kampuni ya migodi ya shaba. Mota ikiungua, yeye ndiye aliyetoa waya wa zamani na kuzungushia mpya, mzingo juu ya mzingo, mpaka ukadhani umezaliwa pale. Wenzake walimheshimu kwa mikono hiyo, na walimcheka kwa kuzaa wasichana watupu.

Basi mwaka mmoja, kiangazi, baridi ya asubuhi inauma na vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye uji, Mama akaenda kujifungua. Siku zile mwanamke aliingia maternite, wodi ya wazazi, na kukaa huko chini ya ulinzi wa masista kana kwamba ameiba kitu. Tata akabaki na sisi. Bukari yake, ugali wetu wa kule, ilikuwa imeungua nje na ina unga mbichi ndani, nasi tulikula kimya kwa sababu alitutazama. Tulioga kwa sabuni ya kufulia ovaroli. Tshala alivishwa gauni mbele nyuma, akatembea nalo kutwa nzima kwa maringo.

Lakini aibu yenyewe ilikuwa chooni. Vyoo vya kambi vilikuwa vya wote, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na Tshala hakukubali kwenda bila Tata. Kwa hiyo fundi wa mota akawa anasimama mbele ya choo cha wanawake, mikono nyuma, akiita, "Tshala, umemaliza?" Na Tshala akijibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye reli, "Bado, Tata! Ingali inakuya!" Siku moja akina mama walimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika. Jioni ile Tata aliapa kwamba hatamwomba mwanamke yeyote wa kambi msaada wowote.

Hapo ndipo ilipofika Jumapili ya maandamano ya Sakramenti. Sisi watatu tulikuwa tumechaguliwa kumwaga maua mbele ya padri, na sista alikuwa ameshatuonya: mwenye nywele chafu atarudishwa kwao mbele ya watu wote. Nililia tangu Jumamosi. Tata alinitazama, akafunga mlango, akashusha pazia, akachukua kitana.

Alianza na Ngalula kwa uzi mweusi wa Mama, na uzi ukaishia hapohapo. Kantini, duka la kampuni, ilikuwa imefungwa. Akafikiri kidogo, akafungua mfuko wake wa kazi, akatoa mabaki ya waya mwembamba wa shaba, vipande vilivyotupwa sakafuni mwa karakana, ambavyo alikuwa anafungia kifuniko cha chombo chake cha chakula. Vichwa vyetu viwili vilivyobaki akavizungushia kama anavyojua yeye, mzingo juu ya mzingo. Jua lilipotupiga njiani, tuling'aa kuliko vyombo vya padri. Ngalula alinuna maandamano yote kwa sababu yeye alipewa uzi. Mimi sikumwaga maua, nilikuwa nayagawa kama malkia.

Baada ya misa, mlangoni, alitungoja Tata Kasongo, askari wa kambi, mtu aliyekuwa anapiga viatu vyake rangi mara mbili kwa siku.

"Tata Kapinga, hii shaba ya ku kichwa ya batoto inatoka wapi?"

"Ni bipande-bipande, Tata. Balitupa chini."

"Hata batupe, iko ya kampani. Twende kwa shefu."

Vijana wa leo hawawezi kuelewa jinsi neno kampani lilivyotukausha mate. Kazi ilikuwa ya kampuni, nyumba ya kampuni, hata kitanda alichokuwa amelalia Mama siku ile kilikuwa cha kampuni. Tata angefukuzwa, sote tungepandishwa treni ya kurudi Kasai, na mtoto mchanga mgongoni.

Shefu wa kambi, mzungu, alikuwa anakula barazani. Nje ya ua wanaume wa kambi walishajaa, na wenzake Tata wa karakana wakiwa mbele. Shefu akauliza nani alisuka. Tata akaangalia ule umati.

"Mwanamuke moja wa jirani, Bwana."

"Kamata ule mwanamuke. Ye pia mwizi."

Shefu akaamuru waya utolewe kwanza. Kasongo akamshika Tshala, akavuta. Ule haukuwa waya wa kuvutwa. Tshala alipiga yowe, akataja matusi matatu ya Kiluba, kisha akakojolea viatu vya askari, vyote viwili.

"Wacha! Unaumiza mutoto!" Tata alipaza sauti. "Mi njo nilisuka. Mi mwenyewe. Mi njo najua namna ya kufungula."

Kicheko cha nje ya ua nakisikia mpaka leo. Tata akaketi kwenye ngazi za mzungu, akamweka Tshala katikati ya magoti, akafungua waya polepole, akipuliza kila alipomuumiza. Masikio ya Tata yalikuwa yanawaka kwa aibu. Kisha akanifungua mimi. Shefu alitazama mpaka chakula kikapoa, akasema mwizi huficha, na huyu amepeleka shaba kwenye maandamano, basi si mwizi, ni mjinga. Aende nyumbani.

Tangu siku hiyo aliitwa Fundi ya Nyuele. Mama alizisikia habari maternite kabla hajamleta nyumbani mtoto wa nne, msichana pia, naye alicheka mpaka masista wakamkemea. Kisha akamkabidhi Tata kitana moja kwa moja. Tata alitusuka mpaka tulipoolewa, pazia limeshushwa, kwa uzi.

Siku hizi malori ya shaba yanapita hapa Kapata, mtaani kwetu Kolwezi, usiku na mchana, yanakwenda wanakokujua wenyewe, na hakuna Kasongo wa kuuliza inatoka wapi. Wajukuu wangu wamevaa nywele za kununua, zilizosafiri kuliko mimi. Juzi mmoja alikuwa analia, mama yake hayupo, nikamwambia mwanangu achukue kitana. Akainua macho kutoka kwenye simu.

"Mama, mi niko mwanaume."

Moyo uliniuma, na hapo ndipo nilipomkumbuka Tata, kwenye ngazi zile, kambi nzima ikimcheka, akipuliza kichwa cha mtoto wake. Nikamwambia mwanangu kwamba mwanaume namjua, nilishawahi kusukwa naye.